Glock 19 au CZ P-10 C? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ninaishi Mombasa na nina leseni ya kumiliki bastola. Cheti changu kimebeba silaha mbili: Glock 19 ya kizazi cha tano na CZ P-10 C. Ya kwanza huibeba, ya pili hushindana nayo. Maswali yaliyo hapa ni yale ninayoulizwa kila mara uwanjani, na wenzangu wanaosubiri majibu ya Bodi ya Leseni za Silaha, na ndugu walioko ng'ambo. Anayesoma kipande kimoja tu apate jibu lake. Palipo na uhusiano nimetaja namba ya swali jingine.

## Mambo ya msingi

1. Bastola ya polima ni nini? Ni ya plastiki kweli?

Ni nusu tu. Sehemu ya chini unayoishika, yaani fremu na mpini, ni polima, plastiki ngumu ya jamii ya nailoni. Sehemu ya juu inayokwenda mbele na nyuma, yaani slaidi, ni chuma. Mtutu ni chuma. Hata ndani ya fremu kuna vipande vya chuma ambavyo slaidi hutelezea juu yake, kwa hiyo plastiki haisuguani na chuma pale kazi inapokuwa kubwa.

Watu hudhani Glock ndiyo iliyoanza. Heckler & Koch ya Ujerumani ilitoa VP70 yenye fremu ya polima mwaka 1970. Gaston Glock, Mwaustria ambaye kabla ya hapo hakuwahi kutengeneza bastola, alikuja na Glock 17 mwanzoni mwa miaka ya 1980, jeshi la Austria likaichukua mwaka 1982, na hapo ndipo dunia ilipoanza kuamini kwamba plastiki inaweza kubeba kazi hii.

2. Kwa nini unalinganisha hizi mbili tu?

Kwa sababu ndizo nilizo nazo na ndizo nilizozipigia maelfu ya risasi. Silaha ambayo mtu ameishika dukani dakika tano hawezi kuisemea.

Pia zinafanana kiasi cha kulinganishika kwa haki. Glock 19 ilitoka mwaka 1988 kama mdogo wa Glock 17. CZ P-10 C ilitangazwa mwishoni mwa 2016 na kiwanda cha Česká zbrojovka cha Uherský Brod, Jamhuri ya Cheki, na aliyeitazama mara moja alijua ilitengenezwa kumfuata nani. Risasi ni ileile ya 9 mm, magazini (kasha la risasi linaloingia ndani ya mpini) ni ya risasi 15 kila moja, na hata urefu wa mtutu ni ule ule.

3. CZ ndiyo ile "Ceska" tunayoisikia kwenye taarifa za habari?

Jina ni la kiwanda hichohicho. Hapa Kenya, kwa kuwa polisi wamebeba bastola za kiwanda hicho kwa miaka mingi, "Ceska" limekuwa neno la kawaida magazetini. Lakini zile za polisi wengi ni za chuma tupu na zina nyundo nyuma, za ukoo wa CZ 75 iliyoanza mwaka 1975. P-10 C haina nyundo ya nje, ni ya polima, na inafanya kazi kwa pini ya ndani inayogonga risasi, kama Glock. Ukimwambia mtu una Ceska, atawaza ile nzito. Mwambie jina kamili.

4. Vipimo vinatofautiana kwa kiasi gani?

Kidogo sana. Mitutu yote ni milimita 102. Glock 19 ya kizazi cha tano ina urefu wa milimita 185, P-10 C 187. Kimo, Glock ni 128 na CZ 132. Kwa upana CZ ni nyembamba zaidi, 32 dhidi ya 34. Ukizipima zikiwa na magazini tupu, Glock ina karibu gramu 675 na CZ karibu 740. Tofauti hiyo ni kama uzito wa risasi tano au sita.

Kiunoni sijawahi kuisikia tofauti hiyo. Mkononi, ndiyo, na swali linalofuata linaeleza.

## Mkononi na uwanjani

5. Ipi inakaa vizuri zaidi mkononi?

Kwa wengi niliowapa wajaribu, CZ. Sababu ni pembe ya mpini. Mpini wa Glock umelala nyuma zaidi kuliko wa bastola nyingi. Mtu aliyezoea bastola za zamani kama Browning au CZ 75 akinyanyua Glock akiwa amefumba macho, kisha akafumbua, hukuta kilengeo cha mbele kimepanda juu ya cha nyuma. Kiganja chake kimefuata mazoea ya zamani. CZ imebaki karibu na pembe ya zile za zamani, hivyo ukiinyoosha, inatazama pale kidole chako cha shahada kingetazama.

Jambo la pili ni sehemu ya nyuma, pale juu penye upenyo kati ya gumba na kidole cha shahada. CZ ina mkia mrefu wa fremu unaokinga ngozi. Kwenye Glock, mwenye mkono mnene akishika juu kabisa, slaidi inaweza kumparuza ikirudi. Glock huja na vipande vya ziada vya kubadilisha mgongo wa mpini, vingine vikiwa na mkia huo, na CZ nayo huja na migongo mitatu ya ukubwa tofauti. Vitumie! Nimewaona watu waliobeba bastola miaka miwili na vipande hivyo bado vimo kwenye boksi, ndani ya karatasi yake.

Jambo la tatu ni ukwaruzo wa mpini. Wa CZ ni mkali, unang'ang'ania. Uwanjani, jua la saa sita, jasho linatiririka, ni baraka. Lakini ukiibeba ndani ya suruali siku nzima ikisugua ubavu, utalazimika kuvaa fulana chini ya shati. Glock ya kizazi cha tano ina ukwaruzo wa wastani, na ile mibonyeo ya vidole iliyokuwako mbele ya mpini kwenye vizazi vya tatu na vya nne imeondolewa. Uamuzi mzuri: mibonyeo ile ilimfaa mtu ambaye vidole vyake vilitoshana na vya aliyeichora.

6. Je, triga ya CZ ni bora kweli kama wanavyosema?

Ndiyo, ikiwa kwa "bora" unamaanisha nyepesi na safi. Na hili ndilo swali ambalo ningependa mtu asilijibu haraka.

Triga ya Glock kutoka kiwandani inahitaji msukumo wa karibu kilo mbili na nusu. Ukianza kuivuta kuna mwendo mlaini, kisha unagonga ukuta, kisha ukuta unanyumbuka kidogo kama mpira kabla ya mlio. Ya CZ ni karibu kilo mbili. Mwendo wa kwanza upo, lakini ukuta wake uko wazi, na unavunjika kama kijiti kikavu. Baada ya risasi, ukiachia kidole, inarudi tayari kwa umbali mfupi na unaihisi kwa wazi.

Tofauti hiyo ina chanzo chake ndani. Kwenye Glock, slaidi ikirudi mbele inaiacha springi ya pini ikiwa imevutwa kwa sehemu tu. Kazi iliyobaki hufanywa na kidole chako. Kwenye CZ, sehemu kubwa zaidi ya kazi hiyo imekwishafanywa na slaidi. Kidole kinabakiwa na kidogo.

Sasa jiulize bastola ni ya nini. Kwenye mashindano, ukipiga shabaha sita kwa sekunde chache, triga ya CZ inakupa muda na usahihi bila kuomba chochote. Ndiyo maana naishindania. Kiunoni, usiku, moyo unapodunda na vidole vimekufa ganzi kwa hofu, ule ugumu wa Glock ambao watu huulalamikia ni nafasi ndogo ya kutafakari. Mwalimu wangu wa kwanza, mzee aliyestaafu jeshini, alinishika mkono siku niliposifia triga nyepesi akasema: "Kijana, wepesi huo ni wa kwako na ni wa bahati mbaya pia." Sijaisahau kauli hiyo, na sijabadilisha hata springi moja ya triga kwenye bastola ninayoibeba.

7. Nikitumia Glock risasi zangu zinakwenda chini kushoto. Vilengeo vimepinda?

Mara chache sana. Kwa mtu wa mkono wa kulia, chini kushoto ni alama ya mkono, si ya chuma. Unapokaribia ule ukuta wa triga, mkono mzima unabana kwa pamoja, na ncha ya bastola inavutwa chini. Au unautazamia mlio na kusukuma mbele kabla haujatokea.

Dawa ni mazoezi ya kufyatua bila risasi. Hakikisha bastola ni tupu mara mbili, risasi zote ziwe chumba kingine, elekea ukuta imara, weka sarafu ya shilingi juu ya slaidi karibu na kilengeo cha mbele, kisha vuta triga bila sarafu kuanguka. Dakika kumi kila jioni kwa mwezi mmoja zilinifaa kuliko boksi la risasi. Kabla ya hapo usiguse kilengeo.

Ukihamia CZ na tatizo likapungua, usiseme umepona. Triga nyepesi inaficha kosa. Siku ya mashindano litarudi.

8. Nina mikono midogo, na kuvuta slaidi ni shida. Nichague ipi?

Kwa kuifikia triga, jaribu zote mbili ukiwa na mgongo mdogo wa mpini. Ncha ya kidole cha shahada ikikaa katikati ya triga huku mkono umenyooka na bastola, inakutosha. CZ ni nyembamba kidogo, na dada wengi uwanjani wameniambia wameisikia tofauti hiyo.

Kuhusu slaidi, nguvu si jambo la kwanza. Usiivute kwa vidole viwili kama unayefungua zipu. Shika slaidi kwa kiganja kizima kwa juu, iweke bastola karibu na kifua ikiwa imeelekea kwenye shabaha, kisha sukuma fremu mbele huku mkono wa juu ukibaki palepale. Springi ya CZ ni ngumu kidogo ikiwa mpya. Baada ya risasi mia chache zote mbili hulegea.

9. Natumia mkono wa kushoto.

Zote mbili zitakufaa. Glock ya kizazi cha tano ina kizuia slaidi pande zote mbili, na kitufe cha magazini kinahamishwa upande unaoutaka. P-10 C nayo ina kizuia slaidi pande mbili. Zile za mwanzo zilikuwa na kitufe cha magazini pande zote, na wanunuzi wengi walilalamika kuwa ni kigumu. Baadaye kiwanda kiliweka kitufe cha upande mmoja kinachoweza kugeuzwa. Ukinunua iliyotumika, angalia ni ya toleo gani.

## Usalama

10. Hazina loki ya usalama ya kubonyeza. Zitalipuka zenyewe?

Hapana. Zote zina ulimi mdogo katikati ya triga. Usipobonyezwa sawasawa na kidole, triga haisogei. Ndani kuna kizuizi kinachoishikilia pini isifike kwenye risasi mpaka triga ivutwe mpaka mwisho. Glock inahesabu vizuizi vitatu: huo wa triga, wa pini, na wa kuanguka.

Lakini vizuizi hivyo vyote vina maana moja: bastola haitapiga kama triga haikuvutwa. Havijui nani ameivuta. Kidole, ncha ya shati, kamba ya koti, ufunguo mfukoni, vyote ni sawa kwake. Kwa hiyo loki halisi ya bastola hizi ni holsta, yaani mfuko wa kubebea bastola, ngumu na inayoifunika triga yote, na kidole kinachokaa nje mpaka uamue kupiga. Asiyekuwa na holsta ya namna hiyo asibebe mojawapo. Hili silipunguzi hata kidogo.

11. Niibebe ikiwa na risasi kwenye chemba (mwanzo wa mtutu, pale risasi inapokaa tayari kupigwa)?

Fuata mafunzo uliyopewa na kiwango cha mazoezi yako. Kubeba chemba ikiwa tupu kunahitaji ukoki bastola, yaani uvute slaidi ili risasi iingie chemba, wakati wa shida, kwa mikono miwili, na wengi hukosea hapo. Kubeba ikiwa na risasi kunahitaji holsta ya Swali la 10 na nidhamu isiyolegea. Aliyepata leseni mwezi uliopita abebe chemba tupu kwanza, ajifunze kuivaa na kuivua silaha bila kuigusa triga hata mara moja.

12. Ni kweli lazima nivute triga ndipo niifungue kuisafisha?

Ni kweli, kwa zote mbili. Na hapa ndipo watu hujipiga mguuni, mezani, au humpiga aliye chumba cha pili.

Utaratibu wangu haubadiliki. Magazini hutoka kwanza. Kisha navuta slaidi nyuma na kuizuia. Natazama chemba, kisha naingiza kidole kidogo nipapase, kwa kuwa macho huona yanachotarajia kuona. Narudia. Risasi zote zinatoka mezani. Ndipo naelekeza upande salama na kuvuta triga. Slaidi inarudishwa nyuma milimita chache, ndimi mbili za pembeni zinavutwa chini, slaidi inateleza mbele. Mkononi una vitu vinne: slaidi, mtutu, springi na fremu.

Anayetoa magazini baada ya kuvuta slaidi ameingiza risasi nyingine kwenye chemba kwa mkono wake mwenyewe. Mpangilio huo ndio unaookoa maisha. Uandike ukutani ikibidi.

13. Ikianguka sakafuni?

Zote zimetengenezwa kustahimili. Ikikuponyoka, usijaribu kuidaka. Iache ianguke. Mkono unaodaka hewani ndio unaoingia kwenye triga.

14. Nyumbani kuna watoto. Niiweke wapi?

Ndani ya sefu ya chuma iliyofungwa kwa boliti ukutani au sakafuni, funguo au namba zikijulikana na wewe tu. Chini ya godoro, juu ya kabati, ndani ya sanduku la nguo: watoto wanapajua pote huko, tena kukuzidi. Na kwa triga nyepesi ya karibu kilo mbili, mtoto wa miaka mitano ana nguvu za kutosha akitumia vidole gumba viwili. Nimekwishamkatalia rafiki kumsaidia kuchagua bastola kwa sababu hakuwa na sefu. Alininunia miezi mitatu, kisha akanunua sefu.

## Matunzo na matumizi ya kila siku

15. Chumvi na joto la pwani zinaathiri polima?

Polima haijali. Jua la Mombasa, au hata la Lodwar, halitaigeuza umbo. Kinachoteseka ni chuma kilichobaki wazi. Slaidi za zote mbili zimetibiwa vizuri dhidi ya kutu, na jasho langu halijaziingia. Lakini niliwahi kubadilisha kilengeo cha nyuma nikaweka cha chuma kisicho na rangi nzuri, na baada ya msimu mmoja wa kaskazi kikaota madoa ya kahawia. Magazini za CZ nazo ni za chuma, wakati za Glock zimefunikwa kwa polima nje na chuma ndani. Kwa hiyo magazini za CZ hupanguswa kila wiki kwa kitambaa chenye mafuta kidogo.

Mafuta mengi ni kosa la pwani. Tunayamwaga tukidhani tunaikinga, yanakusanya vumbi na mchanga, yanageuka tope. Matone machache kwenye reli, juu ya mtutu pale unapong'aa kwa msuguano, na pale kipande cha triga kinapokutana na kiunganishi chake. Basi.

16. Ipi hukwama zaidi?

Kwangu hakuna. Kila mara niliyokwama nimepata sababu nje ya bastola: magazini iliyoanguka mchangani, boksi la risasi za bei rahisi zenye baruti dhaifu ambazo zilishindwa kuisukuma slaidi mpaka mwisho, au mshiko legevu. Mshiko legevu unastahili maelezo. Fremu ya polima ni nyepesi. Usipoishika imara, inarudi pamoja na slaidi, slaidi inakosa kitu cha kusukumana nacho, ganda la risasi halitoki vizuri na linabanwa mlangoni. Wanaoanza hulaumu silaha. Akipewa mtu mwingine bastola hiyohiyo, inalia vizuri magazini nzima.

17. Risasi gani zinafaa?

Zote ni 9x19 mm, risasi ya tangu mwaka 1902. Uzito wa kichwa unaopatikana zaidi, kwa greni (kipimo kidogo cha uzito), ni 115, 124 na 147. Kwa mazoezi 115 yenye koti la shaba inatosha. Kwenye mashindano napenda 124 au 147, kwa kuwa teke lake ni la kusukuma zaidi kuliko la kupiga.

Tahadhari moja kwa wenye Glock: usitumie vichwa vya madini ya risasi (lead) matupu, visivyo na koti la shaba. Ndani ya mtutu hakuna mistari yenye kona kali kama ya mitutu mingi, bali kuta zilizoviringwa, na madini hayo laini hujipaka humo na kuongeza shinikizo. Kiwanda chenyewe kinakataza. Na idadi ya risasi unazoruhusiwa kuwa nazo imeandikwa kwenye cheti chako. Hiyo ndiyo hesabu, tazama Swali la 20.

18. Magazini, holsta na vipuri vinapatikana?

Hapa Glock inashinda bila ubishi. Miaka mingi sokoni na majeshi na polisi wa nchi nyingi kuibeba vimefanya kila fundi aijue na kila mtengeneza holsta awe na umbo lake. Glock 19 inapokea hata magazini za Glock 17. P-10 C nayo inapokea magazini za risasi 19 za ndugu yake mkubwa, P-10 F, zikichomoza chini kidogo. Ila kuzipata madukani kwetu kunahitaji kuagiza na kusubiri.

Usidhani holsta ya Glock 19 itaipokea CZ kwa kuwa vipimo vinakaribiana. Nyingine huipokea, lakini kuingia si kushikwa. Ivae ikiwa tupu, igeuze chini juu, ruka nayo, hakikisha triga yote imefunikwa.

Kitu kimoja CZ inatoa bure: vilengeo vya chuma kutoka kiwandani. Vya kawaida vya Glock ni vya plastiki, na wengi wetu huvibadilisha. Ukitaka kilengeo cha nukta nyekundu, nunua toleo lililokatwa slaidi tayari, la MOS kwa Glock au la OR kwa CZ, badala ya kumpelekea fundi akukatie.

19. Tofauti ya bei ikoje?

P-10 C ilipoingia soko la Marekani mwaka 2017 iliwekwa dola 499, chini ya Glock, na mpangilio huo umebaki karibu hivyo kwenye masoko mengi. Kwetu bei inaamuliwa na muuzaji mwenye leseni, ushuru na shehena iliyopo. Piga hesabu ya vyote: bastola, magazini mbili za ziada, holsta, sefu, na risasi za mwaka mzima wa mazoezi. Ukifanya hivyo, tofauti ya bastola zenyewe inakuwa ndogo, na akiba uliyopata kwa CZ inaweza kumezwa na kuagiza magazini kutoka mbali.

## Sheria na hali za pembeni

20. Naweza kuwa na zote mbili kwa cheti kimoja?

Kenya, chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, cheti hutaja silaha yenyewe pamoja na idadi ya risasi. Silaha ya pili inahitaji ombi lake na sababu yake. Mimi nilieleza michezo ya shabaha na kuambatisha rekodi za klabu. Tangu uhakiki wa wamiliki wote uliofanywa mwishoni mwa 2018 hadi 2019, kumbukumbu zinafuatiliwa kwa karibu zaidi, na ndivyo inavyopasa. Tanzania mna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, yenye taratibu zake. Anzia kituo cha polisi cha eneo lako.

Usinunue kwanza ndipo uombe.

21. Nasikia bastola ya plastiki haionekani kwenye mashine za uwanja wa ndege.

Uongo wa zamani sana. Rudi Swali la 1: slaidi, mtutu, springi na risasi ni chuma. Inaonekana wazi kabisa. Ukisafiri nayo, iarifu kampuni ya ndege mapema, fika saa nyingi kabla, itangaze kwa polisi wa uwanja, na itasafiri tupu ndani ya boksi lililofungwa kwenye shehena.

22. Naweza kumwazima kaka au mke wangu?

Hapana. Cheti ni cha mtu. Akitaka naye, aombe cha kwake, apite mafunzo.

23. Kuna kijana ameniambia anaweza kuifanya Glock yangu ipige mfululizo.

Mkimbie. Ni silaha iliyopigwa marufuku kwa raia, ni jela ndefu, na bastola nyepesi ikipiga mfululizo haiongozeki. Risasi ya tatu na kuendelea zinakwenda kwa majirani. Toa taarifa.

24. Niko Marekani. Kuna lolote linalobadilika?

Mengi ya matumizi hayabadiliki. Sheria hubadilika kwa kila jimbo. California, New York na New Jersey, kwa mfano, haziruhusu magazini ya risasi 15. Utapewa ya 10. Ukihama jimbo, soma kabla ya kupakia gari, kwa sababu kibali cha kubeba cha jimbo moja si lazima kitambulike kwa jirani. Na kama bado hujawa raia, muulize mwanasheria kabla hujaingia dukani.

25. Ungelazimika kubaki na moja?

Glock. Swali hili liliniumiza zaidi nilipoulizwa mara ya kwanza, kwa sababu mkononi naipenda CZ: inanyooka vizuri, triga yake inanifurahisha, na medali mbili zilizo ukutani nilizipata nayo. Lakini springi ikinikatikia Mombasa siku ya Ijumaa, ya Glock nitaipata kabla ya Jumatatu. Holsta ninayoiamini ni ya Glock. Na miaka yote hii nimeizoesha mikono yangu ukuta ule wa triga unaonyumbuka, mpaka nautambua gizani.

Mwenye duka karibu lenye magazini za CZ, na ambaye kilengeo cha mbele humpanda kila akinyanyua Glock, aichukue CZ.